Ubao Mmoja, Picha Nyingi

Siku moja wanafunzi wa darasa la tano wa Lubumbashi walikwenda na Mwalimu wao kutazama maonyesho ya picha. Picha zile hazikuchorwa moja moja kwa mkono. Zilipigwa chapa kwa mbao zilizochongwa.

Picha moja iliwashangaza sana. Ilikuwa nakala ya kifaru aliyechorwa mwaka 1515 na Albrecht Dürer, fundi wa mji wa Nürnberg katika Ujerumani. Kifaru yule alionekana kama amevaa mabamba ya chuma. Tena alikuwa na pembe puani, na pembe nyingine ndogo mgongoni.

«Mwalimu, kifaru gani ana pembe mgongoni?» mtoto mmoja aliuliza.

«Hakuna», Mwalimu alijibu. «Mwaka ule kifaru mmoja aliletwa kwa merikebu toka India mpaka Lisbon, katika Ureno. Dürer hakumwona. Alipata habari zake kwa barua na mchoro wa mtu mwingine. Lakini picha yake ilipigwa chapa nyingi, ikaenea Ulaya. Kwa miaka zaidi ya 200 watu wengi walidhani kifaru ni vile.»

Kisha waliingia katika karakana, na fundi akawaonyesha kazi. Kwanza alichora ndege juu ya ubao laini. Halafu akatwaa patasi ndogo, akachonga kando ya mistari. Pahali palipochongwa huwa chini, wino haupafikii, hubaki peupe. Pahali palipoachwa hupata wino.

Fundi alipaka wino kwa gurudumu dogo la mpira. Akalaza karatasi juu ya ubao, akaisugua kwa mgongo wa kijiko cha mti, akaibandua polepole. Kumbe, ndege yule yule! Lakini juu ya ubao alitazama kuume, na juu ya karatasi alitazama kushoto. Chapa hugeuza kila kitu, kama kioo. Kwa hiyo herufi huchongwa kinyume, zipate kusomeka vizuri.

Baadaye kila mwanafunzi alipewa kipande cha ubao. Msichana mmoja alichora samaki. Alitaka kuacha kitone kidogo kiwe jicho, lakini aliharakisha. Patasi iliteleza, kitone kikang'oka. Alipiga chapa tatu, na katika zote tatu samaki alikuwa kipofu. Akaanza kulia.

«Mwanangu, usilie», fundi alimwambia. «Mti uliokatwa haurudi. Lakini ubao una pande mbili. Ugeuze, uanze tena.»

Msichana aliugeuza. Safari hii alichonga polepole, akizunguka jicho kwa uangalifu. Alipobandua karatasi, samaki alimtazama. Alipiga chapa nyingine, na nyingine, mpaka kila mwenzake akapata samaki wake wa kupeleka nyumbani.

Hiyo ndiyo nguvu ya chapa. Kosa la mchoro hukaa juu ya karatasi moja. Kosa la ubao huenda pamoja na karatasi zote. Na kazi njema vivyo hivyo.

Maswali

1. Kwa nini watu wa Ulaya walidhani kifaru ana pembe mgongoni?
2. Pahali gani pa ubao hupata wino?
3. Kwa nini herufi huchongwa kinyume?