Kuyachunguza Macho ya Mtoto Aliye Tumboni

Mtoto mchanga aweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Jambo hili huwashangaza wazazi wengi, kwani ukungu huo wa lenzi hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa wazee tu. Je, yawezekana mama mja mzito wa Kihesa, mjini Iringa, akaijua kasoro hiyo kabla ya kujifungua?

Yawezekana, lakini kwa kiasi. Macho ya binadamu huanza kuumbika yapata wiki ya nne baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo akina mama wengi hawajajitambua kuwa ni waja wazito. Kuanzia mwezi wa nne hivi, mashine ya ultrasaundi huweza kuyaonyesha. Mashine hiyo hupeleka tumboni mawimbi ya sauti yatetemayo mamilioni ya mara kwa sekunde, ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Mawimbi hayo hugonga mwili wa mtoto yakarudi, kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani, nao mwangwi hugeuzwa kuwa picha. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za namna hii mwaka 1958.

Katika picha, lenzi safi huonekana kama pete nyembamba yenye weusi katikati. Lenzi yenye ukungu huonyesha weupe. Mpimaji aweza pia kuona iwapo jicho halipo, au ni dogo mno. Hata hivyo, kasoro nyingi za retina hazionekani. Picha nzuri haithibitishi kuwa mtoto ataona.

Kasoro ikigunduliwa mapema, lenzi haipasuliwi tumboni. Faida yake ni kwamba wazazi hujiandaa, na madaktari huchunguza moyo na viungo vingine, kwa kuwa kasoro hizi mara nyingi huandamana.

Kinga ni bora zaidi. Mwaka 1941 daktari wa macho Norman Gregg wa Australia alitambua kwamba watoto wengi waliozaliwa na mtoto wa jicho walikuwa wa akina mama waliougua rubella mwanzoni mwa ujauzito. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubella mwaka 2014, kwa kampeni ya nchi nzima iliyowahusu watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Wasichana wa rika hilo ndio wanaoingia sasa katika umri wa kuzaa. Chanjo hii haitolewi kwa mja mzito. Hivyo yapasa itangulie mimba.

Baada ya kuzaliwa, kipimo kikubwa ni chepesi: mkunga au daktari humulika macho kwa kurunzi maalumu. Mboni yenye afya hurudisha wekundu. Mboni nyeupe ni dalili ya hatari, yaweza kuwa mtoto wa jicho au hata saratani. Hapo mtoto apelekwe upesi kwa mabingwa, kama wale wa Muhimbili au CCBRT, Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 500 kutoka Iringa. Safari hiyo haifai kungojea mavuno. Ubongo hujifunza kuona katika wiki za kwanza za maisha. Lenzi ikichelewa kuondolewa, jicho huweza kusafishwa lakini ubongo usijue tena kulitumia.