Kifafa: tembe yako na dawa nyingine

Ikiwa wewe au mtoto wako mna kifafa, huenda mlipewa fenobabitoni kliniki. Dawa hii imetumika tangu 1912, ni ya bei nafuu, na wengi huimeza mara moja tu kwa siku, wakati wa kulala. Lakini haielewani na dawa nyingine nyingi.

Sababu ni ini. Fenobabitoni hulichochea ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa mwilini, hata dawa nyingine uliyomeza ikatolewa kabla ya kumaliza kazi yake.

Wanaoumia zaidi ni kina mama wanaopanga uzazi. Unaweza kumeza tembe zako bila kukosa hata siku moja na bado ukapata mimba. Vipandikizi vya mkononi pia hupungua nguvu, na vivyo hivyo tembe za dharura. Kitanzi cha shaba hakiathiriki. Kwa hivyo mweleze muuguzi kwamba unatibiwa kifafa, hata asipokuuliza. Najua wengi huuficha ugonjwa huu kwa kuona haya, lakini hapa kunyamaza kuna gharama.

Doksisaiklini na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, kama dolutegraviri, hudhoofishwa pia. Warfarini ya kuzuia damu kuganda ina hatari mbili: hudhoofika ukitumia fenobabitoni, na ukiiacha fenobabitoni, kipimo kile kile cha warfarini kinaweza kukufanya uvuje damu. Valproeti, ambayo nayo ni ya kifafa, huongeza fenobabitoni katika damu, nawe ukasinzia kupita kiasi.

Pombe je? Iwe bia au chang'aa, usiguse. Pombe na dawa hii vikikutana vinaweza kukuzuia kupumua. Dawa za usingizi na mofini ni hatari vilevile.

Ugali na sukuma wiki kula bila wasiwasi. Hata hivyo, kuitumia dawa kwa miaka mingi hupunguza vitamini D na foleti mwilini, ndiyo maana mayai, samaki, maharagwe na jua ni muhimu. Tembe za foliki asidi usijinunulie. Zikizidi hupunguza nguvu za fenobabitoni.

Mwenye maradhi ya ini, figo au mapafu amwambie daktari mapema. Mwenye pofiria asiitumie kabisa. Mja mzito naye asiiache ghafla, kwani kifafa kinaweza kumshika mfululizo. Aende kliniki, na mtoto akizaliwa apewe vitamini K.