MAELEZO KUHUSU UCHAGUZI WA MFUMO ENDESHI WA FAYAWOLI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa kila ofisi iliyounganishwa na intaneti inahitaji bawabu. Kazi hiyo hufanywa na fayawoli, yaani kompyuta iliyowekwa baina ya mtandao wa ofisi na ulimwengu wa nje, ambayo hukagua taarifa zinazoingia na kutoka, na kuzipitisha au kuzizuia kwa mujibu wa kanuni alizoziandika mtunzaji wake.

Kompyuta hiyo yaweza kuendeshwa kwa programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha, na hutumiwa bila ya ada ya leseni. Hata hivyo, kukosekana kwa ada si hoja ya kutosha. Yapo mambo matatu ya kuzingatiwa.

Kwanza, uhai wa mradi. Mwaka 2003 Manuel Kasper wa Uswisi alianzisha m0n0wall, mfumo mwepesi wa fayawoli uliojengwa juu ya FreeBSD. Februari 2015 mradi huo ulifungwa, na watumiaji wakashauriwa kuuangalia mfumo wa OPNsense. Fayawoli isiyopata masahihisho haioneshi dalili yoyote. Huendelea kufanya kazi ilhali kasoro zake zimekwisha kujulikana na wavamizi. OpenBSD, ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, hutoa toleo jipya takriban kila miezi 6, na kila toleo huhudumiwa kwa muda wa kama mwaka 1. Ofisi itakayouchagua haina budi kuifuata ratiba hiyo.

Pili, namna kanuni zinavyosomwa. Katika iptables ya Linux, kanuni husomwa kutoka juu, na ya kwanza inayolingana na kutoa uamuzi ndiyo inayotekelezwa. Katika PF, iliyotoka na OpenBSD 3.0 mwaka 2001, inayoamua ni kanuni ya mwisho inayolingana, isipokuwa ya awali iwe imewekewa alama ya kukatisha usomaji. Kwa mfano, mtunzaji akiandika "zuia anuani hii", kisha chini yake "ruhusu wote", iptables itamzuia mgeni huyo, lakini PF itamfungulia mlango. Hivyo basi, kanuni za mfumo mmoja zisinakiliwe kwenye mfumo mwingine bila ya kupangwa upya.

Tatu, uwezo wa watumishi. OPNsense huongozwa kwa kurasa za kivinjari. OpenBSD huhitaji mtu aliyezoea kuandika amri na kuhariri mafaili. Mfumo bora usio na anayeuelewa ni hatari, na unaoeleweka na mtumishi mmoja tu hubaki bila ya mlezi siku anapohamishwa.

Aidha, inashauriwa kuanza kwa kanuni ya kuzuia yote, kisha kuruhusu yanayohitajika tu, kuijaribu fayawoli kutoka nje ya ofisi kabla ya kuitegemea, na kuhifadhi nakala ya kanuni zake mahali pengine.