Wali Unaonukia: Siri Iliyomo Katika Punje ya Mpunga

Mchele wa kunukia haufichiki. Sufuria ikishatokota jioni, jirani wa chumba cha pili hupata habari kabla mwenye nyumba hajatandika mkeka. Mama anunuaye nafaka pale Tandale huchota mchele kiganjani, huupulizia pumzi yenye joto, kisha huunusa. Na muuzaji anayeijua kazi yake hutamka neno moja tu, “Kyela” au “Supa”, huku akitaja bei iliyo juu kuliko ile ya gunia la jirani yake. Hata lugha yetu imelitambua jambo hili tangu zamani: kibaya hunuka, kizuri hunukia.

Lakini harufu hiyo hutoka wapi? Na kwa nini mbegu nyingi zitoazo mavuno makubwa hazina hata chembe ya uturi huo? Maswali haya si ya anasa. Mpunga wa Supa anaoupenda mlaji wa mjini humpa taabu mkulima: ni mrefu, huanguka upepo ukivuma, hutoa mavuno haba, na ugonjwa wa kimyanga huushambulia vibaya. Mkulima akipanda mbegu fupi yenye mazao mengi, mlaji hulalamika kwamba wali hauna ladha. Akipanda Supa, gunia huwa chache na bei hupanda. Katikati ya mvutano huo yumo mfanyakazi na kikapu chake.

Tuanze na harufu yenyewe. Mvuke wa wali una mchanganyiko wa kemikali nyingi, nazo karibu zote zimo katika kila aina ya mchele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ron Buttery na wenzake, katika maabara ya Idara ya Kilimo ya Marekani huko California, waliitambua ile inayotofautisha mchele wa kunukia na mwingine. Jina lake ni refu, 2-asetili-1-piroline, na wataalamu huifupisha kwa kuiita 2AP. Pua ya binadamu huigundua hata ikiwa ni sehemu moja katika bilioni kumi za maji. Wewe nawe unaifahamu, ingawa hukujua jina lake: ndiyo iliyo katika harufu ya bisi zinazopasuka chunguni na katika ganda la mkate utokao tanuri. Imo pia katika majani ya mmea mmoja wa ukoo wa mkadi, ambayo wapishi wa Asia ya Kusini-Mashariki hutia ndani ya wali.

Kilichobaki kikawa kujua kwa nini mpunga mmoja huitengeneza kwa wingi na mwingine hapana. Jibu lilikuja mwaka 2005 kutoka Chuo Kikuu cha Southern Cross, Australia, kwa Louis Bradbury na wenzake, nalo ni jibu la kustaajabisha. Mpunga wa kunukia haukujaliwa kitu cha ziada. Umepungukiwa.

Yafaa tueleze. Kila chembe hai ya mpunga imebeba maandishi ya urithi yaliyopangwa katika jozi 12 za nyuzi ziitwazo kromosomu. Maandishi hayo yana herufi nne tu, zinazorudiwa mamilioni ya mara, na fungu la herufi lenye agizo moja kamili ndilo jeni. Katika kromosomu ya 8 imo jeni iitwayo BADH2. Kazi yake ni kuagiza kimeng'enya kinachokamata kemikali fulani ndani ya mmea na kuigeuza kuwa kitu kingine. Katika mipunga mingi mashuhuri ya kunukia, herufi nane za jeni hiyo zimedondoka. Sisi wa magazeti tunaijua hasara ya namna hiyo. Mpanga chapa akiangusha herufi nane katikati ya safu, maneno yote yanayofuata hugawanyika vibaya, na msomaji huacha kusoma. Chembe ya mpunga nayo hukutana na alama ya kukoma kabla ya wakati, na kimeng'enya hakikamiliki. Hapo ile kemikali isiyokamatwa hurundikana, na sehemu yake huishia kuwa 2AP. Naam, uturi tunaoulipia ni matokeo ya kiwanda kidogo kilichoharibika.

Mwaka 2009 Michael Kovach, Susan McCouch na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba basmati ya Bara Hindi na mchele wa jasmini wa Thailand vina pengo lile lile la herufi nane, lenye asili moja. Maana yake ni kwamba kosa lilitokea mahali pamoja, watu wakalipenda, wakatunza mbegu, na mbegu ikasafiri kutoka mkono hadi mkono mpaka ikachanganyika na mipunga ya mbali. Na mwaka 2015 wanasayansi wa China walithibitisha habari hii kwa njia nyingine: waliikata jeni hiyo kwa makusudi katika mpunga usionukia, nao ukanukia.

Taabu ya mtafiti wa mbegu inaanzia hapa. Kila mmea hurithi nakala mbili za jeni, moja ya upande wa mama na moja ya upande wa baba. Nakala moja nzima ikiwepo, kimeng'enya hutengenezwa na harufu humezwa. Kwa hiyo ukipandanisha Supa na mpunga mfupi usionukia, watoto wao wote huwa kimya, hakuna hata mmoja anayenukia. Harufu haikupotea, imejificha. Katika kizazi cha wajukuu hujitokeza tena, kwa wastani katika mmea mmoja kati ya minne. Ndiyo kanuni aliyoichapisha Gregor Mendel mwaka 1866 baada ya miaka mingi ya kuhesabu njegere katika bustani ya monasteri.

Mmea mmoja kati ya minne si haba, utasema. Lakini utaujuaje? Zamani mtafiti alitafuna punje, moja baada ya nyingine. Mwaka 1978 Sood na Siddiq wa India walieleza njia ya kuloweka vipande vya majani katika maji yenye magadi makali ya potasi na kunusa mvuke wake. Njia hiyo ilisaidia sana, walakini pua ni mtumishi mchovu. Ikishanusa sampuli kadhaa hupoteza makali, pua za watu wawili hazikubaliani, na magadi huziwasha. Lililo baya zaidi, hakuna pua iwezayo kuutambua mmea uliobeba harufu kwa siri, yaani wenye nakala moja nzima na moja iliyovunjika. Kwa mtafiti mmea huo ni mali, naye huutupa bila kujua.

Kujulikana kwa lile pengo kulibadilisha kazi hiyo. Mche ungali kitaluni, hukatwa kipande cha jani kisichozidi ukucha. Vinasaba hutolewa, na mashine hunakili sehemu ile tu ya jeni mara nyingi sana. Nakala hutambazwa kwa umeme katika utando laini mfano wa lendalenda, ambamo vipande vifupi hukimbia mbele na virefu hubaki nyuma. Katika kipimo cha Bradbury, mstari wa herufi 257 ni wa mpunga wa kunukia, na wa herufi 355 ni wa mpunga usionukia. Mmea wenye mistari yote miwili ni yule mbeba siri. Huu ndio uzalishaji wa mbegu kwa kufuata alama. Watu wengine huuchanganya na uhamishaji wa jeni kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine, na sivyo: mimea hupandanishwa kwa chavua kama siku zote, na alama kazi yake ni kusoma tu.

Faida yake huonekana hasa tunapotaka mambo mawili kwa pamoja. Tuchukue kimyanga, ambacho hugeuza majani kuwa ya njano na kudumaza mpunga. Virusi vyake viligunduliwa Kenya mwaka 1966, karibu na Kisumu, na husambazwa na mbawakawa, na hata kwa mikono na zana za mkulima mwenyewe. Uko mpunga kutoka Msumbiji, Gigante, ambao hustahimili vizuri ugonjwa huo kwa sababu ya jeni moja iliyo katika kromosomu ya 4. Nayo ni jeni ya kujificha, kama ile ya harufu. Ukipandanisha mpunga wa kunukia na usionukia wenye kinga hiyo, ni mjukuu mmoja tu kati ya 16, kwa wastani, atakayepata yote mawili kwa ukamilifu. Kwa pua na kwa kuambukiza mimea ugonjwa, kumtafuta huyo katika maelfu ni kazi ya misimu mingi.

Na mjukuu huyo bado si Supa. Nusu ya urithi wake ni wa mgeni. Ili kumrudisha nyumbani, mtafiti humpandanisha na Supa tena na tena. Baada ya marudio matatu ya chotara wa kwanza, kwa wastani sehemu 15 katika 16 za urithi huwa za Supa. Katika kila rudio kinga imelala, haionekani shambani. Bila alama, ingebidi kila mara kusubiri kizazi kingine ili kuiona. Kwa alama huonekana kitaluni, na miche isiyoibeba hung'olewa siku hiyo. Kituo cha Mpunga cha Afrika, AfricaRice, kimetumia njia hii kuiingiza kinga ya Gigante katika mipunga inayopendwa Afrika Magharibi.

Kwetu, mbegu ya SARO 5, yaani TXD 306, ilitolewa mwaka 2002 nayo imeenea sana. Jina lake linatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya “inayonukia kiasi”. Hapo ndipo tulipofika: kiasi. Ni hatua kubwa kwa mkulima, na mlaji ameipokea, lakini sidhani kama kuna mama atakayeilinganisha na Supa mbele ya wageni.

Tusiipe alama sifa kuliko inavyostahili. Ziko nyufa nyingine za jeni hiyo hiyo, mahali pengine katika maandishi yake, na kipimo cha herufi nane hakizioni. Tena, jeni si yote. Ubaridi wa hewa wakati punje zinapokomaa huongeza harufu, na joto kali huipunguza. Kwa hiyo mbegu moja ikipandwa nyanda mbili haitoi wali mmoja. Na jina lililoandikwa juu ya gunia nalo si ushahidi. Huko Uingereza, uchunguzi wa vinasaba vya mchele wa basmati uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba sampuli zilizokuwa basmati tupu zilikuwa nusu na zaidi kidogo tu.

Nyumbani kwako hakuna mashine, bali pua ipo. Uturi huu ni mwepesi kuruka, nao hupungua kadiri mchele unavyokaa, hasa mahali pa joto. Nunua mchele uliokobolewa karibuni, wa kutosha majuma machache, uuweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jiko. Na sufuria ikishaanza kukauka, usiifunue kila mara kuchungulia. Kinachotoka na ule mvuke ndicho ulicholipia pale Tandale.