Bembea ya Kiti Mwendo: Hesabu za Fundi wa Vyuma

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma hapa Tanga: mageti, madirisha, vitanda vya mabweni na bembea za shule za awali. Bembea ya kawaida haina siri. Miguu miwili ya bomba kila upande, bomba la juu, minyororo na kipande cha ubao. Mtoto anakaa, anashika, anajisukuma. Kazi kubwa inafanywa na mwili wake mwenyewe: kiuno kinamzuia asichomoke, viganja vinamfunga kwenye mnyororo, miguu inampa mwendo. Asiyeweza hayo anabaki kuwatazama wenzake.

Mama mmoja alikuja karakana na mwanawe wa miaka kumi na miwili mwenye mtindio wa ubongo. Akasema, "Fundi, nataka bembea ambayo sitamtoa kwenye kiti chake."

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Kiti chenye mgongo mrefu na mikanda kitakuwa rahisi zaidi."

"Marahaba mwanangu. Kilikuwa rahisi alipokuwa mdogo. Sasa nikimbeba kumweka humo, mgongo wangu mimi ataushika nani?"

Kuna njia mbili kweli, na kila moja ina wenyewe. Ya kwanza ni kiti cha bembea chenye egemeo refu, mikanda ya kifua na kipande cha kuzuia nyonga zisiteleze. Inawafaa watoto wadogo na wanaoweza kuhamishwa. Ya pili ni jukwaa: mtoto anapanda na kiti mwendo chake, magurudumu yanafungwa, jukwaa lote linabembea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakueleza kwamba kubembea kunaamsha sehemu ya ndani ya sikio inayosimamia mizani ya mwili, na kwamba mtoto mwenye kifafa apate kwanza ushauri wa daktari. Sehemu yangu mimi ni uzito.

Kiti mwendo cha chuma cha kusukumwa kwa mikono kinaweza kufika kilo 20. Cha umeme kinaweza kupita kilo 100. Ongeza mtoto wa kilo 35, na jukwaa la flati na bati lisiloteleza, kilo 60 hivi. Hata kwa kiti cha mkono, umeshapita kilo 110 zinazoning'inia. Tena mzigo unaobembea unavuta kuliko uliotulia. Jukwaa likivutwa nyuma hadi nyuzi 45 kisha likaachiwa, linapopita chini minyororo inavutwa kwa zaidi ya mara moja na nusu ya uzito huo. Kwa hiyo bomba la juu haliwi lile la bembea ya chekechea, beringi zinachaguliwa kwa mzigo unaotembea, na miguu inazikwa kwenye zege. Hapa pwani chumvi inakula chuma kimyakimya, kwa hiyo bolti na minyororo yangu ni ya kuchovywa zinki, na mwenye bembea namtaka azikague kila mara.

Lakini kinachoninyima usingizi ni mtoto mwingine, yule anayekatiza mbele akikimbilia mpira. Jukwaa linaloning'inia mita mbili chini ya bomba, likiachiwa kutoka nyuzi 45, linapita chini kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Kilo mia na ushee za chuma na mtu, zikimjia mtoto wa darasa la kwanza.

Waaustralia walilijibu jambo hili kwa uzio. Bembea yao iitwayo Liberty Swing imewekwa katika bustani nyingi za umma. Ina jukwaa, njia ya kupandia inayokunjwa na vifungo vya kiti, na imezungushiwa uzio wenye geti la kufuli. Ufunguo wake ni uleule wanaopewa watu wenye ulemavu kwa ajili ya vyoo vya umma. Kwa usalama sina la kuwakosoa. Hata hivyo wazazi wa huko wamelalamika: mtoto amepata bembea, lakini yuko peke yake ndani ya uzio, na asiye na ufunguo amefika bure.

Jibu jingine ni kupunguza mwendo. Ukiweka vizuizi jukwaa lisivuke nyuzi 20, kasi yake chini inashuka hadi kilomita tano na nusu kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Mvuto wa ziada kwenye minyororo nao unakuwa mdogo, kama sehemu moja ya nane tu ya uzito. Msisimko unapungua, sikatai. Ila sasa unaweza kulipanua jukwaa, ukaweka mabenchi pembeni ya kiti mwendo, na wadogo zake wakapanda pamoja naye. Bembea za kisasa za namna hii zimeanza kutengenezwa Marekani. Huko San Antonio, Texas, mjenzi Gordon Hartman alifungua mwaka 2010 bustani ya michezo iitwayo Morgan's Wonderland, jina la binti yake mwenye ulemavu. Ina bembea za viti mwendo, wenye ulemavu hawalipi kiingilio, na asiye na ulemavu anakaribishwa vilevile.

Kwetu kikwazo huanzia mbali na bembea. Mchanga tunaoumwaga ili anayeanguka asiumie ndio unaomeza magurudumu madogo ya mbele ya kiti. Anayebembea akiwa amefungwa kwenye jukwaa hahitaji mchanga chini yake. Anahitaji njia ya moramu iliyoshindiliwa, kutoka getini hadi jukwaani. Mteremko wa kupandia usizidi sentimita moja ya kwenda juu kwa kila sentimita 12 za urefu, la sivyo anayesukuma atashindwa, na anayejisukuma atapinduka kwa nyuma. Geti la uwanja lenyewe lipite sentimita 90. Kazi hizi zote hazihitaji kusubiri fedha za bembea.

Hili si la hisani tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, katika ibara ya 30 unataka watoto hao washiriki michezo na burudani sawa na wenzao, shuleni pia.

Kwa hiyo mwalimu mkuu akiniletea mchoro wa uwanja, swali langu la uzito linakuja la pili. Kwanza namuuliza mtoto wa kiti mwendo atabembea na nani. Akijibu "peke yake", namchorea jukwaa la kiti kimoja na uzio. Akijibu "na wenzake", napanua jukwaa, nafupisha mwendo, na bei inapanda. Namshauri alipe hiyo ya pili.