Tukiwafundisha Vijana Juu ya Wabudha na Dini za Asia



Siku moja katika semina ya vijana, msichana wa sekondari alinyoosha mkono akaniuliza, "Madam, hao Wabudha wanaamini nini hasa?" Nikamjibu haraka haraka, "Hao ni watu wa kuabudu sanamu tu, tuendelee." Vijana wakacheka. Yule msichana akaketi, na hakuuliza swali lingine mpaka tukafunga.

Njiani nikirudi nyumbani niliona haya. Sikumwambia ukweli kwa sababu sikuujua. Tena nilikuwa nimewafunza vijana kucheka watu wasiowafahamu. Mtoto akizoea kudharau dini ya mtu wa mbali, kesho atadharau ya jirani. Na je, vikundi vyetu si vya watu wa madhehebu na dini mbalimbali?

Mzazi ataniuliza, "Mtoto wangu akifundishwa Ubudha si atapotea?" Hapana. Kufahamu imani ya mwenzako si kuifuata. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaja Uhindu na Ubudha kwa heshima, ukafundisha kwamba yaliyo kweli na matakatifu katika dini hizo si ya kutupwa.

Ukweli wenyewe ni upi?

Buddha si jina la mungu. Maana yake ni "aliyeamka". Alikuwa mtu, Siddhartha Gautama, aliyezaliwa Lumbini, katika nchi ambayo leo ni Nepal, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Wabudha husimulia kwamba alilelewa katika raha, lakini alipoona mzee, mgonjwa na maiti, aliacha nyumba yake akatafute dawa ya taabu za binadamu.

Alifundisha mambo manne: maisha yana taabu, taabu hutokana na tamaa, taabu yaweza kukoma, na iko njia ya kuikomesha, yaani kuwaza, kusema na kutenda sawasawa. Sanamu yake huwekewa maua na taa kwa kumheshimu na kukumbuka mafundisho yake, ingawa wako pia wanaokwenda mbele yake kuomba msaada. Wabudha hawafundishi juu ya Mungu Mwumba kama sisi. Tofauti hiyo tuwaambie vijana waziwazi bila kuficha.

Pia wajue kwamba si kila Mwasia ni Mbudha. Wahindi wengi ni Wahindu, watu wengi wa Indonesia ni Waislamu, na wengi wa Ufilipino ni Wakatoliki.

Mwalimu wa Colombo

Kijana huelewa upesi akionyeshwa kwanza watu wanafanya nini. Kwa hiyo siku hizi mimi huanza na habari ya A. T. Ariyaratne, mwalimu katika shule ya Kibudha ya Nalanda mjini Colombo, Sri Lanka. Mwaka 1958 aliwapeleka wanafunzi wake kijiji cha Kanatoluwa, kwa watu wa tabaka lililodharauliwa sana. Wakaishi na wenyeji na kufanya kazi pamoja nao.

Hapo ndipo ilipoanza Sarvodaya Shramadana. Sarvodaya ni "kuamka kwa wote", na shramadana ni "zawadi ya jasho". Sisi tungesema harambee! Yale mafundisho manne waliyaleta kijijini: kijiji kina taabu, taabu ina chanzo, kama uroho, chuki na kutojua, taabu yaweza kwisha, na njia iko, ndiyo kushirikiana. Kazi hiyo ilienea katika maelfu ya vijiji, ikawaingiza Wahindu, Waislamu na Wakristo pia. Ariyaratne alifariki mwaka 2024.

Lakini tusiwapake rangi. Nchi hiyo hiyo ilikuwa na vita vya ndani kuanzia 1983 hadi 2009, na hata watawa wengine wa Kibudha waliunga mkono vita. Dini nzuri yaweza kuwa na wafuasi wakaidi, kama kwetu.

Tufundishe namna gani?

1. Tueleze imani ya watu kwa namna ambayo wao wenyewe wakisikia watakubali, "Ndiyo, ndivyo tulivyo."
2. Tusilinganishe mazuri yetu na mabaya yao.
3. Swali la kijana lisichekwe. Kama hujui, sema, "Nitauliza, nitakuletea jibu."

Yule msichana nilimtafuta, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kisha nikamjibu. Mara hii maswali yalikuwa mengi mpaka chai ikapoa.

Ya kujadili katika kikundi

- Ni dini au kabila gani tunalolisema vibaya mbele ya watoto? Tunalijua kweli?
- Katika kijiji chetu, ni nani wanaodharauliwa kama wale wa Kanatoluwa? Tukiwaendea, tutaanza na kazi gani?