SIAGI UNAYOPAKA SI SIAGI, NA SAMLI YA BIBI IMEHAMA!

Wiki hii naomba tuache kidogo mapenzi na mitindo, tuingie jikoni. Usicheke, yamenikuta!

Juzi juzi nilikuwa naenda Kwimba kumsalimia bibi mzaa baba. Nikampigia simu kuuliza nimletee nini kutoka mjini. Nikajua atasema sukari, au kitenge. Wapi! "Mume wangu," akasema (bibi zetu mnawajua), "niletee samli."

Nilishangaa kweli, maana hiyo ni sawa na mvuvi wa Mwaloni kuagiza dagaa Dodoma. Bibi huyu ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha kwanza mwaka 2012, sh. 20,000, kwa hela ya samli aliyokuwa akiuza kwa chupa siku za mnada. Leo ananiagiza mimi!

Nikazunguka Kirumba, nikazunguka Makoroboi, mwisho nikanunua kopo la njano lenye picha ya ng'ombe, bei poa. Bibi akalifungua, akanusa, akasugua kidogo kiganjani. "Haya mafuta si mabaya, mume wangu. Lakini hayakupita kwa ng'ombe."

Aibu niliyoiona, acha tu.

Tusidanganyane, wengi wetu hapa mjini hatujui tofauti. Ukienda dukani ukasema "nipe siagi" unapewa Blue Band, ambayo ni majarini ya mafuta ya mimea. Kimbo nayo, iliyokuwa ikitengenezwa Nairobi na kampuni ya East Africa Industries, ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa. Siagi halisi hutoka kwenye maziwa, na ukiichemsha mpaka maji yaishe na masimbi yatuame chini, ndiyo samli. Ikipoa huganda kwa chengachenga, haiwi laini kama losheni.

Zamani kanda yetu hii ilikuwa inalisha wengine. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, meli zikawa zinachukua mizigo ya Mwanza kupeleka huko. Mwaka 1928 reli ya Tabora ikaingia Mwanza. Pamba ndiyo iliyopata sifa zote, lakini pamoja na ngozi, samli ya Usukumani nayo ilikuwa inasafiri. Wafanyabiashara wa Kihindi waliikusanya vijijini, na baadaye zikaja zile mashine za kuzungusha kwa mkono zinazotenga krimu na maziwa.

Kwa nini samli na siyo maziwa yenyewe? Jibu ni barabara. Maziwa ya Kwimba asubuhi, jioni yameshachacha. Samli unaifunga kwenye debe inakaa miezi. Kwa hiyo mama wa Kisukuma alisukasuka kibuyu chake, maziwa yaliyobaki yakanywewa na watoto, na mafuta yakageuka hela. Msimu ulikuwa wa mvua, nyasi zikiwa tele. Kiangazi hata ukilia hupati.

Serikali nayo ilijaribu mambo makubwa. Mwaka 1975 ikaunda Tanzania Dairies Limited, TDL kwa kifupi, yenye viwanda mikoani, kikiwemo cha Utegi kule Mara. Lakini kiwanda cha Dar es Salaam kilitegemea sana unga wa maziwa na mafuta ya siagi ya msaada kutoka nje, wakati huo huo Ulaya ya miaka ya 1980 imejaza maghala siagi isiyo na mnunuzi! Mageuzi ya miaka ya 1990 yalipokuja, TDL ikafa na viwanda vikauzwa.

Halafu ikaja bodaboda. Hapo ndipo samli ilipopigwa hasa. Mwanza imekuwa jiji tangu mwaka 2000, sensa ya 2012 ilihesabu watu 706,453 Nyamagana na Ilemela, na ile ya 2022 ikavuka milioni 1. Wote hao wanataka maziwa ya chai. Kijana anapakia madumu alfajiri, saa mbili yuko Igoma.

Piga hesabu mwenyewe. Kilo moja ya samli inakula maziwa lita 20 hivi. Tuseme lita ni sh. 2,000, hapo umeshafika 40,000 hujanunua hata kuni. Sasa mimi na kopo langu la bei poa nilikuwa nafikiria nini?

Na ng'ombe wenyewe wako wapi? Tanzania ina zaidi ya milioni 30, lakini Wasukuma walianza zamani kuhama nao kutafuta malisho, Rukwa, Usangu, mpaka kusini kabisa. Wa kwetu baba mdogo aliwaswaga kwenda Katavi mwaka 2014. Nyumbani wamebaki wawili, na maziwa yao yanaondoka na bodaboda kabla bibi hajamaliza kupiga mswaki. Kibuyu kinaning'inia jikoni, kimejaa moshi.

Nikampigia baba mdogo. Akacheka. Anakochungia hakuna barabara, bodaboda hafiki, na shangazi zangu wa huko wanasukasuka kila siku maana maziwa hayana pa kwenda. "Mvua zikianza natuma chupa mbili kwa basi," akasema, "moja ya mama, moja yako."

Basi la Katavi linashushia Nyegezi. Kondakta nimeshachukua namba yake.